Mwizi wa Sifa Katika Tovuti Ndogo

Aghalabu mwenye tovuti ndogo, iwe ya chama cha wakulima wa ndengu na maembe huko Kathonzweni, Makueni, iwe ya shule ya upili iliyo kando ya barabara itokayo Wote kuelekea Makindu, au iwe ya akina mama wasukao viondo na kuviuza kwa wateja wasiowahi kuonana nao, hulala usingizi pasipo kuiwazia hifadhi yake, akitegemea hoja moja ambayo kwa juujuu yaonekana ina akili ndani yake: kwamba tovuti hiyo haina fedha, haina siri, wala haina kitu chochote ambacho mdukuzi aliye ng'ambo angejisumbua kukitamani. Hoja hiyo ni batili, na ubatili wake hautokani na wingi wa mali iliyofichwa katika tovuti, bali watokana na aina ya mali yenyewe. Hata tovuti yenye kurasa kumi na picha chache za maembe ya Apple na Ngowe ina kitu kimoja kilichokusanywa kwa miaka, ambacho mwenyewe hakioni wala hakukinunua dukani, nacho ni sifa yake mbele ya Google. Hicho ndicho kiibiwacho. Na maadamu ni hivyo, kazi ya kuilinda tovuti dhidi ya wadukuzi na kazi ya kuilinda nafasi yake katika matokeo ya utafutaji ni kazi moja, wala haifai kugawiwa mafundi wawili wasiosemezana.

Picha ya mdukuzi iliyo katika fikira za Wakenya wengi imechorwa na matukio ya hadhara. Mwezi wa Januari 2012 tovuti 103 za serikali zilivamiwa kwa mkupuo mmoja na mtu aliyetajwa kuwa wa Indonesia, naye akaacha jina lake la bandia juu ya kurasa za wizara na idara. Novemba 17, 2025 kurasa za wizara kadhaa, miongoni mwazo ya Mambo ya Ndani, ya Afya na ya Elimu, zilifunikwa kwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Baina ya hayo mawili, mwezi wa Julai 2023, tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen ililemewa na mafuriko ya maombi ya bandia yaliyotumwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, hata waombao viza na wakatao tiketi za reli wakakwama; na hapo hapana aliyeingia ndani, ni mlango tu uliozibwa na umati wa wageni wasiokuwapo. Matukio hayo yalikuwa na fedheha kubwa, lakini yalikuwa na heri moja: yalijulikana siku ile ile. Mvamizi wa namna hiyo ataka aonekane, na asipoonekana kazi yake imepotea bure. Yule aingiaye katika tovuti ya chama cha ndengu ataka kinyume chake, na kadiri anavyokaa bila kujulikana ndivyo faida yake inavyoongezeka.

Ili tufahamu faida hiyo ni ipi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walitangaza mwaka 1998 njia ya kuupima uzito wa ukurasa kwa kuvitazama viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, kila kiungo kikihesabiwa kuwa ni ushahidi, na ushahidi wa ukurasa wenye heshima ukizidi kwa uzito ushahidi wa ukurasa usiojulikana. Hesabu za leo zina mambo mengi zaidi ya hayo, ila msingi ule haukutupwa. Basi tovuti ya chama iliyotajwa katika ukurasa wa serikali ya kaunti, ikaandikwa habari zake na gazeti, ikaelekezewa kiungo na chuo kikuu kilichofanya utafiti wa zao la ndengu katika nchi kavu za Ukambani, imepata mashahidi wema bila ya kuwahonga. Muuza kamari, muuza dawa zisizo na idhini, na muuza viatu vya kughushi hawana mashahidi wa namna hiyo, kwa kuwa hapana mtu wa staha atakayewaelekezea kiungo. Zamani walivinunua viungo hivyo kwa maelfu; lakini mwezi wa Aprili 2012 Google ilianzisha utaratibu ulioitwa Penguin, uliokusudiwa kuwashusha waliojipandisha kwa ushahidi wa kununua, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ya mashaka. Iliyobaki rahisi ni kuingia katika nyumba ya mwenye heshima na kusema kwa kinywa chake. Ndiyo maana tovuti za shule, vyuo, hospitali na serikali za wilaya katika nchi nyingi zimekutwa zikihubiri kamari ya Kiindonesia, na wenye tovuti hizo hawana habari.

Natuitazame kwa karibu hali hiyo ilivyo. Katika tovuti iliyojengwa kwa WordPress lipo kabati liitwalo uploads, nalo limepangwa kwa miaka na miezi, na humo aghalabu hukaa picha. Chukulia kwamba katika kabati la mwezi wa Februari, baina ya maembe-01.jpg na maembe-02.jpg, pamekaa faili liitwalo maembe-03.php. Kwa jicho la mtu mwenye haraka ni picha nyingine. Kumbe herufi tatu za mwisho zatangaza kwamba faili hilo halionyeshwi, bali hutendwa, yaani seva huyasoma yaliyomo kuwa ni amri. Ukilifungua utakuta mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, uliofumbwa makusudi. Huo ndio mlango wa nyuma wa mvamizi, anaoutumia kurudi apendapo hata baada ya nenosiri kubadilishwa. Mahali pengine, aghalabu katika faili la .htaccess au katika faili mojawapo la kiolezo, huongeza mistari michache inayomhoji kila mgeni. Je, mgeni huyu ni roboti wa Google? Kama ndiye, apewe kurasa elfu kadhaa za Kijapani ziuzazo saa na mikoba, au kurasa za kamari. Je, ni mtu aliyetokea katika matokeo ya Google, tena kwa simu? Kama ndiye, apelekwe moja kwa moja kwenye kasino. Je, ni mtu aliyeiandika anwani mwenyewe, au aliyeingia kwa nenosiri la msimamizi? Huyo aonyeshwe maembe yake kama kawaida.

Mkulima wa Kathonzweni hahitaji maelezo marefu juu ya hila hii, kwa kuwa fukusi wa ndengu huifanya mbele ya macho yake kila msimu: hutaga mayai zao likiwa bado shambani, buu hula ndani ya punje ilhali ngozi ya nje ni nzima, na gunia hutangaza ugonjwa wake siku wadudu wanapotoboa na kutoka.

Siku hiyo, kwa tovuti, ni siku mnunuzi wa Nairobi au wa Mombasa anapolitafuta jina la chama na kukuta chini yake onyo kwamba tovuti hii huenda imedukuliwa, au anapobonyeza na kukabiliwa na ukurasa mwekundu wa kivinjari unaomsihi arudi alikotoka. Hatampigia simu katibu kumwuliza kulikoni. Atabonyeza jina linalofuata. Wala balaa hilo halichagui wakati wa kiangazi ambapo hapana biashara. Maembe ya Makueni huiva kati ya Novemba na Machi hivi, na tovuti iliyotiwa alama hiyo mwezi wa Desemba, hata ikisafishwa kwa bidii yote, yaweza kurejea katika hali yake wakati miti imekwisha kuchumwa.

Yafaa sasa msomaji aiondoe akilini sura ya kijana aliyeketi mbele ya kompyuta akiwaza habari za Kathonzweni. Hapana mtu kama huyo. Iliyopo ni programu inayozunguka katika mamilioni ya anwani, ikiuliza kila moja swali lile lile: je, wewe watumia programu fulani ya toleo fulani lenye ufa? WordPress, iliyoanza mwaka 2003, sasa huendesha zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani, na kwa hiyo ufa mmoja uliogunduliwa humo ni ufunguo wa milango isiyohesabika. Januari 26, 2017 wasimamizi wake walitoa toleo la 4.7.2 wakiwa wamelikarabati kosa kubwa lililomwezesha mtu asiye na nenosiri kubadili maandishi ya ukurasa wowote, nao kwa hekima wakalinyamazia kosa hilo kwa takriban wiki nzima ili watu wapate wasaa wa kusasisha. Walipolitangaza, Februari 1, haikupita hata wiki mbili kabla ya kurasa zaidi ya milioni moja kuharibiwa, zote zikiwa za watu ambao dawa ilikuwa imekwisha kuletwa mlangoni pao, bure, na wao hawakuinywa. Uvivu huo mdogo ndio chanzo cha misiba mingi katika kazi hii, kuliko ujuzi wowote wa wadukuzi.

Lakini kusasisha nako si kinga kamili, na kisa cha programu-jalizi iliyoitwa Display Widgets kinastahili kujulikana na kila mwenye tovuti. Ilikuwa imewekwa katika tovuti zipatazo 200,000, ikaaminiwa kwa miaka. Kisha mtungaji wake akaiuza, na mnunuzi, mwaka 2017, akatoa masasisho yaliyoficha ndani yake amri za kuchapisha matangazo ya taka katika tovuti za watu. Matangazo hayo yalifichwa yasimtokee mtu yeyote aliyeingia kwa nenosiri la tovuti, yaani yalifichwa kwa mwenye nyumba peke yake. Waliosasisha kwa uaminifu ndio waliodhurika. Funzo ninalolitoa mimi hapo halihusu kuacha kusasisha, la hasha, lahusu idadi. Tovuti ya chama isiyohitaji zaidi ya fomu ya mawasiliano, picha na bei za msimu haina sababu ya kubeba programu-jalizi thelathini, kila moja ikiwa na bwana wake asiyejulikana, ambaye kesho aweza kuuza. Ile isiyotumika isizimwe tu, ifutwe kabisa, kwa kuwa faili lililozimwa lingali katika seva na laweza kuitwa na ajuaye anwani yake. Na iliyoachwa na mtungaji wake bila sasisho kwa miaka miwili ihesabiwe kuwa imekufa.

Lipo jambo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona. Violezo na programu-jalizi za kulipia husambazwa bure na watu walioondoa kufuli la malipo, na vijana wengi wajengao tovuti kwa malipo haba huzichukua huko ili wabakize chochote mfukoni. Sitawalaumu kwa umaskini. Ila wajue kwamba aliyejitaabisha kuvunja kufuli na kuigawa mali ya watu bila malipo hakufanya hivyo kwa ajili ya sadaka: mwaka 2019 watafiti wa usalama walionyesha jinsi madudu yaitwayo WP-VCD yalivyoenea karibu yote kwa njia hiyo, yakija yamo ndani ya kiolezo chenyewe. Chama kimwajiripo kijana kisimwulize bei ya kazi tu, kimwulize pia risiti ya kiolezo.

Kuhusu maneno ya siri, nitasema kwa ukali kidogo. Mtu akilifungua daftari la seva, ambalo huandika mstari mmoja kwa kila ombi linalofika, ataikuta anwani ya wp-login.php ikigongwa usiku wa manane, saa nane kamili, saa nane na sekunde nne, saa nane na sekunde tisa, kutoka nchi tano tofauti, kila mgongaji akijaribu neno jingine. Na maneno hayo hayakuokotwa hewani, yametoka katika orodha za maneno yaliyokwisha kuibwa kwingineko. Nenosiri lililo jina la kijiji likifuatwa na mwaka halitadumu mbele ya orodha hizo. Hata lililo gumu likitumwa katika kikundi cha WhatsApp cha kamati ya watu kumi na watano limekoma kuwa siri, na hapana njia ya kulirudisha. Kila mtu awe na akaunti yake, na aongezaye habari tu apewe daraja la mhariri, wasimamizi wakibaki wawili. Juu ya hayo uwekwe uthibitisho wa hatua mbili, na hatua ya pili ni heri itoke katika programu ya simu inayotoa tarakimu za muda kuliko katika ujumbe mfupi, kwa sababu wizi wa laini za simu nchini Kenya ni maradhi ya kila siku. Zaidi ya yote ilindwe barua pepe ambayo kwayo maneno mengine yote hubadilishwa. Aipataye hiyo hana haja ya kuligonga lango la tovuti.

Yaliyobaki katika ulinzi nitayapitia kwa haraka. Seva iamrishwe isilitende faili lolote la .php lililo katika kabati la picha, amri ya mistari mitatu ambayo kampuni ihifadhiyo tovuti itaiandika ikiombwa, nayo ingelifanya lile maembe-03.php kuwa kitu butu. Masasisho madogo ya WordPress hujiendesha yenyewe tangu mwaka 2013, na tangu 2020 programu-jalizi nazo zaweza kuruhusiwa kujisasisha, ziruhusiwe. Kukosa cheti cha HTTPS hakuna kisingizio tena, kwa kuwa Let's Encrypt hukitoa bure tangu 2015, na Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba hukitia katika hesabu zake. Ila wako wengi waaminio kwamba alama ya kufuli iliyo juu ya kivinjari yamaanisha tovuti haiwezi kuvamiwa, nayo kazi yake ni kuyafumba maneno yaliyo njiani tu kati ya simu ya mgeni na seva. Mwizi aliyekwisha kuingia ndani hunufaika na cheti hicho kama mwenyewe. Na programu za usalama zinazouzwa kwa kutia hofu, moja yatosha.

Nakala za akiba zataka maneno zaidi, kwani hapo ndipo wengi hujidanganya. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti yakazimika; baadhi ya wateja, waliodhani wana akiba, wakagundua kwamba akiba yao ilikuwa mahali pale pale palipoungua. Wengi wa wenye tovuti huku kwetu wako katika hali ile ile bila kujua, kwa sababu kitufe cha nakala walichokibonyeza huiweka nakala ndani ya seva iliyo na tovuti yenyewe, na mvamizi aifutaye tovuti hufuta vyote viwili kwa pigo moja. Tovuti ya chama kidogo haizidi sana megabaiti mia chache. Nakala yake yashushwa kwa bando la siku moja na kukaa katika flashi iliyofungiwa katika sanduku la mweka hazina, na nyingine katika hifadhi ya mtandaoni isiyoshiriki nenosiri na tovuti. Zihifadhiwe za umri mbalimbali, za wiki hii, za mwezi uliopita na za miezi sita iliyopita, kwa maana mvamizi wa kimya aweza kuwa amekaa tangu mvua za vuli, na kurejesha nakala ya jana ni kumrejesha yeye pamoja nayo. Tena mara moja kwa mwaka nakala ijaribiwe kufunguliwa mahali pengine, kwani isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Kuna hasara nyingine iliyozoeleka vijijini kuliko udukuzi wote, nayo hutokea kwa upole. Majina ya tovuti yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC, na huuzwa kwa watu na mawakala waliopewa idhini, kwa ada ya mwaka ambayo haifiki bei ya gunia la ndengu. Chama huomba kijana mwerevu kikiandikishie jina la .co.ke au .or.ke, kijana hulisajili kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kwa nia njema kabisa, kisha hupata kazi Nairobi au Doha, barua za kukumbusha malipo humfuata huko na kusahauliwa, na jina humalizika muda. Wapo watu wanaoyavizia majina yaliyomalizika muda, hasa yaliyokaa miaka na kupata viungo vya heshima, ili wayanunue na kuyajaza kamari. Google iliandika katika kanuni zake za Machi 2024 kwamba kufanya hivyo kwatazamwa kuwa ni ghiliba. Lakini adhabu ya ghiliba hiyo humwangukia mnunuzi, wala hairudishi jina kwa wakulima. Jina lisajiliwe kwa jina la chama, barua pepe iwe ya ofisi na isiwe ya mtu, na tarehe ya kulipia iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano pamoja na tarehe za ruzuku na mikopo.

Nafasi katika matokeo ya utafutaji hupotea pia kwa mkono wa mwenyewe, na si haki kumtupia mdukuzi kila lawama. Katika mipangilio ya WordPress kipo kisanduku kidogo kinachoiomba mitambo ya utafutaji isiiandike tovuti hii. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha hukabidhi funguo na kukisahau, na tovuti nzima ikafifia katika Google wiki baada ya wiki, huku kamati ikiamini imerogwa. Mara nyingine tovuti hujengwa upya kwa sura nzuri zaidi, anwani za kurasa zote zikabadilishwa, na hapana aliyeweka maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301, yanayompeleka mgeni wa anwani ya zamani kwenye mpya. Mashahidi wote wa miaka minane wakawa wanaunyoshea kidole ukurasa usiokuwapo. Na wapo madalali waahidio kuipandisha tovuti iwe ya kwanza kwa malipo ya M-Pesa ya kila mwezi. Google yenyewe imeandika kwamba hapana awezaye kutoa dhamana hiyo, na wengi wao hutimiza ahadi kwa miezi miwili kwa kununua viungo vile vile vilivyotajwa juu, ambavyo baadaye humgharimu aliyelipa. Kadhalika si kila upungufu ni msiba: watafutao maembe hupungua maembe yanapokwisha, na takwimu za Aprili hazilinganishwi na za Januari, hulinganishwa na za Aprili ya mwaka uliopita.

Basi mwenye tovuti ajuaje yupi ni mwizi na upi ni msimu, ikiwa macho yake mwenyewe yamefungwa kwa hila tuliyoieleza? Dawa ni kuiacha ile desturi ya kuitazama tovuti kwa kuandika anwani yake, na kuitazama kwa jicho la Google. Google hutoa bure chombo kiitwacho Search Console, na mtu akithibitisha kwamba tovuti ni yake hupata kuona maneno yaliyowaleta wageni, idadi ya kurasa zilizoandikwa, na maonyo ya usalama. Tena aweza kuuliza ukurasa fulani ulionekanaje roboti alipoutembelea. Chama kikiona kwamba kina kurasa kumi na mbili lakini Google imeandika elfu nne, au kwamba wageni wanakuja kwa maneno ya Kijapani, jawabu limekwisha kupatikana. Asiye na chombo hicho aandike katika kisanduku cha kutafutia neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yake pasipo kuacha nafasi, na asome vichwa vyote vitakavyotokea. Ni kazi ya dakika tano, na katibu aweza kuifanya kwa simu akingoja matatu ya Wote. Ndani ya Search Console aitazame pia orodha ya wamiliki, kwani wavamizi hodari hujiandikisha humo kuwa wenye tovuti, ili wapate kuhimiza kurasa zao ziandikwe haraka na kuyaona maonyo kabla ya mwenyewe.

Ikiwa mvamizi ameingia tayari, haraka isimfanye mtu afute faili moja alilolikuta na kushangilia. Tovuti iwekwe katika hali ya matengenezo, ichukuliwe nakala ya ilivyo, pamoja na daftari la seva, kwa ajili ya ushahidi. Maneno yote ya siri yabadilishwe, ya barua pepe yakitangulia. Mafaili ya WordPress na ya programu-jalizi yafutwe yote na kuwekwa mapya kutoka chanzo chake. Kabati la picha lipekuliwe faili moja moja. Watumiaji wasiojulikana na wamiliki wa bandia waondolewe. Kurasa za taka ziachwe zijibu kwamba hazipo, yaani 404 au 410, wala zisifichwe nyuma ya faili la robots.txt kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, kwa kuwa roboti aliyezuiwa kuingia hawezi kujua kwamba uchafu umeondolewa. Hapo tena ndipo huombwa uchunguzi mpya katika Search Console, kwa maelezo ya kweli ya kilichotokea na kilichofanywa. Jibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Akiomba kabla ya kumaliza kusafisha atakataliwa, na foleni itaanza upya. Kurasa zenyewe zitaendelea kutokeza katika matokeo kwa muda, zikipungua kidogo kidogo, na katika kipindi hicho wanunuzi wakubwa wapigiwe simu.

Kuhusu sheria, aliyeingia katika mtambo wa mtu bila idhini amevunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, ambayo adhabu yake kwa kosa hilo ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na taarifa hupelekwa kwa kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini kumshika mtu aliye ng'ambo ni jambo la nadra, na sheria imgusayo mwenye tovuti kwa karibu zaidi ni nyingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ikiwa fomu ya chama ilikusanya majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wakulima, na vitu hivyo vimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa kwa namna iwezayo kuwadhuru, Kamishna wa Data sharti aarifiwe ndani ya saa 72. Kamati nyingi hupenda kuyamaliza mambo kimya kimya kwanza, wanachama wasije wakapoteza imani. Ila saa hizo huanza kuhesabiwa tangu chama kilipofahamu kwamba kimeingiliwa, wala hazingoji kazi ya kusafisha ikamilike.